Nyayo za Bwana Afya

Kuinga ni kufukuza kwa makelele na vishindo, kama mkulima afukuzavyo ndege kwenye mpunga. Wahenga waliposema kwamba paka wa nyumba haingwa, hawakuwa na maana kwamba paka hana makosa. Paka ana makosa mengi, na yeyote aliyewahi kuacha samaki bila kifuniko anayajua. Walimaanisha kwamba aliyekwisha kuwa wa nyumba hafukuzwi kama mgeni, maana anayemfukuza hujidhuru mwenyewe. Mama Lidwina wa Ruhuwiko, mjini Songea, aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini ilimwingilia sikio hili ikamtokea lile, mpaka Oktoba ya mwaka 1993 ilipomkaba koo.

Mama Lidwina alikuwa mjane mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa hasira, na yote mawili aliyafanya kwa sauti kubwa. Aliishi na mkwe wake aliyeitwa Biasha, Myao wa Lusewa, pamoja na mjukuu wake Ursula, mtoto wa miaka mitatu. Biasha alikuwa mke wa Tadei, mwana pekee wa kiume wa mama huyo. Tadei alikuwa Mkatoliki na Biasha Mwislamu. Hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, wakafunga ndoa bomani, na Mama Lidwina siku ya harusi akasema anaumwa kichwa. Lakini Tadei alipofariki kwa ajali ya lori la mahindi kwenye njia ya Njombe, ni Biasha aliyebaki akimkanda mama mkwe wake miguu kwa maji ya moto kila jioni. Wala hakuambiwa na mtu afanye hivyo.

Tena kulikuwa na paka. Tadei ndiye aliyemleta nyumbani paka huyo angali mdogo, na ndiye aliyempa jina la Bwana Afya, kwa sababu hakikuwapo chungu ambacho hakukikagua. Alikuwa na mlango wake mwenyewe. Dirisha dogo la stoo lilikuwa na ubao uliolegea, naye alipita hapo saa yoyote aliyotaka, akayakagua matenga ya dagaa nyasa na kuondoka nao wawili watatu. Mama Lidwina alimtukana kila siku, na kila siku alimwekea ugali.

Mwaka wa kifo cha Tadei ulikuwa karibu kutimia. Misa ya kumwombea ingefuatiwa na wageni nyumbani, wengine kutoka mbali, na Mama Lidwina hakutaka waseme kwamba nyumba imekufa pamoja na Tadei. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru. Simenti, ambayo miaka michache nyuma mtu aliiombea kibali kama anayepeleka posa, sasa ilirundikwa kwenye baraza za maduka. Akaamua kuikarabati nyumba yote: lipu mpya, chokaa, dari ya siling bodi, na sakafu ya stoo ambayo ilikuwa bado udongo. Kazi akampa fundi Fulgence, mpiga ngoma wa kwaya, mtu hodari ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mwiko wake.

Oktoba ni mwezi wa rozari. Katika jumuiya yao ya Wakatoliki wa mtaa, sanamu ya Bikira Maria ilizunguka nyumba kwa nyumba, ikikaa wiki moja kwa kila familia, na wanajumuiya walikusanyika hapo kila jioni kusali. Sanamu yenyewe haikuwa kubwa; ilikuwa na urefu wa mkono hadi kiwiko. Zamu ya Mama Lidwina ilifika katikati ya vumbi la ukarabati. Kiongozi wa jumuiya, Mzee Urban, alimshauri aipishe familia nyingine kwanza. Mama Lidwina alikataa katakata.

"Mama Maria alizaa zizini, Mzee Urban," alisema. "Vumbi la simenti litamfanya nini?"

Watu waliposali, Biasha alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akipeta mchele, akisikiliza. Jioni moja, sala ilipokwisha, alisema kwa kucheka, "Mama, huyu mgeni wenu ananitazama kila nikipita na ndoo. Iko siku nitamgeuza aangalie ukutani." Watu wote walicheka, hata Mzee Urban mwenyewe. Baadaye hakuna aliyekumbuka kwamba alicheka.

Siku ya kupiga lipu sebuleni, Mama Lidwina alikwenda sokoni na Biasha akampeleka Ursula kliniki. Fulgence alibaki peke yake na kazi. Asubuhi ile alikuwa tayari amekwisha kuliziba dirisha la stoo kwa nje kwa matofali, kama alivyoagizwa. Ubao wa ndani aliuacha palepale ili aje kuung'oa akipata nafasi. Kabla ya saa sita akaletewa habari kwamba mama yake mzazi amefariki huko Madaba. Biasha aliporudi alimkuta langoni, macho mekundu, angali na nguo za kazi. Fulgence alimkabidhi ufunguo wa nyumba, akasema tu kwamba amefiwa na mama yake, akaenda zake kutafuta gari.

Mama Lidwina aliporudi aliambiwa msiba wa fundi, akamwonea huruma, kisha akaingia stoo kuweka mahindi. Huko akamkuta Bwana Afya amesimama kwa miguu ya nyuma, anakwaruza ule ubao wa dirisha kwa bidii ya mtu anayelipwa.

"Ala! Bado unatafuta njia yako ya wizi?" alifoka. "Leo nakukomesha."

Akachukua nyundo ya Fulgence na misumari, akaupigilia ubao pembe zote, akaongeza mmoja katikati kwa sababu ya hasira. Kesho yake kibarua alipokuja kupaka chokaa, aliipitisha juu ya ukuta na ubao pamoja. Dirisha likapotea kama halikuwahi kuwapo.

Jioni ya siku ile ya lipu, watu walipokuja kusali, sanamu haikuwapo. Haikuwapo juu ya kabati, haikuwapo chini ya meza, wala chumbani kwa Mama Lidwina. Roho ya mama huyo ikawa juu juu. Walitafuta uvunguni mwa vitanda, wakafungua magunia ya mahindi, wakachungulia hata ndani ya pipa la maji. Mama Lidwina alijiona ameumbuka mbele ya jumuiya ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiikaripia watu wakichelewa.

"Nani alikuwa na ufunguo?" aliuliza Aurelia, binti yake aliyeolewa pale pale mjini, ambaye hakuwahi kumpenda wifi yake.

"Mimi," alijibu Biasha. "Fulgence alinipa."

"Na Fulgence aliondoka na mzigo?"

"Hapana. Aliondoka mikono mitupu."

Angeweza kusema kwamba hakutazama. Hakusema hivyo, kwa kuwa alitazama, na ukweli huo ukamgeukia yeye mwenyewe. Aurelia akawakumbusha watu yale maneno ya kumgeuza Mama Maria ukutani. Kisha mtu mmoja akasema ni vizuri kila mahali pakatazamwa, bila kumtaja mtu, na watu wakamtazama Biasha.

Sanduku lake likaletwa sebuleni, likafunguliwa mbele ya wote. Zilitolewa khanga zake, nguo zake za ndani, na shati moja la Tadei alilokuwa amelihifadhi bila kufuliwa. Sanamu haikuonekana. Biasha alikunja vitu vyake kimoja kimoja, akasema, "Wallahi, mama, sikuigusa."

Mama Lidwina aliliona lile shati na moyo ukamuuma, lakini hasira ilikuwa imekwisha kutangulia, na yeye hakuwa mtu wa kuirudisha hasira yake njiani.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzuri kwa macho na mbaya kwa kukaa. Fulgence alikuwa bado msibani Madaba, na hakuna aliyetaka kumfuata huko kwa habari ya sanamu. Kuta ziling'aa, dari ilinyooka, na watu waliokaa chini yake hawakusemezana. Aliyefanya kelele alikuwa Bwana Afya peke yake. Alikuwa hatoki stoo. Alikaa mbele ya ule ukuta wenye ubao, akilia kwa sauti ndefu, akikwaruza mpaka chokaa ikamganda kwenye makucha.

"Huyu paka anatulilia mkosi," alisema Aurelia.

"Analilia mlango wake, wifi," alisema Biasha. "Lakini mbona halii kule nje, mahali alipokuwa akiingilia? Analia huku ndani tu. Labda kuna kitu."

"Dirisha lile nimelipigilia mimi mwenyewe!" Mama Lidwina alimkatiza. "Kuna nini huko zaidi ya misumari yangu?"

Aurelia akamtia paka ndani ya tenga, akalifunga kwa kamba, akampeleka Lizaboni, upande wa pili wa mji, akamwachia mwenye mashine ya kusaga. Ursula alilia hadi akatapika. Yule aliyemleta paka hakuwapo tena kumtetea, na Biasha hakuthubutu.

Ijumaa ikaja zamu ya Biasha mwenyewe. Aurelia alisema kwamba mwaka wa msiba unakwisha, mjane ameshalia vya kutosha, na kwao Lusewa kupo. Jumapili sanamu ilitakiwa ihamie familia nyingine. Watu wataikuta nyumba hii haina sanamu, ila ina mwizi? Mama Lidwina alisikiliza huku akitazama chini. Mwisho akasema kwamba Biasha arudi kwao kwa muda, mambo yapoe.

"Na mtoto?" aliuliza Biasha.

"Mtoto ni wa ukoo huu," alijibu Aurelia kabla ya mama yake.

"Kwetu mtoto ni wa mama yake."

"Hapa si kwenu."

Biasha alimtazama mama mkwe wake, akingoja. Kama angesikia neno moja tu, angelishika. Mama Lidwina alijifanya anarekebisha utambi wa kibatari. Basi Biasha akapiga moyo konde, akasema, "Nimesikia, mama," akaenda kumkanda miguu kwa mara ya mwisho. Maji yalikuwa ya moto vile vile kama siku zote.

Jumamosi alasiri kibarua alimwaga sakafu ya stoo, akailainisha vizuri, akaacha mlango wazi ili ikauke. Alfajiri ya Jumapili Biasha alimfunika Ursula aliyekuwa bado usingizini, akachukua sanduku lake kichwani, akaondoka kuelekea stendi, mlango wa nje akauacha bila kuufunga. Mama Lidwina alikuwa macho. Alisikia hatua zake zikipita mlangoni, zikisita, kisha zikienda. Alivuta blanketi mpaka masikioni.

Kulipopambazuka aliamka akaenda kuangalia sakafu yake, walau apate kitu kimoja cha kumfurahisha. Akafungua dirisha la ukumbini ili mwanga uingie stoo. Lo! Katikati ya simenti mpya, laini kama uji ulioganda, kulikuwa na nyayo za paka. Hazikuzunguka, hazikuchungulia matenga ya dagaa yaliyokuwa yametundikwa kulia. Zilitoka mlangoni zikanyooka moja kwa moja mpaka ukutani, chini ya ule ubao. Na pale ukutani, mwembamba kama ukambaa, miguu yote ya kijivu kwa simenti, alikaa Bwana Afya. Alikuwa amerudi kwa miguu kutoka Lizaboni.

"Yesu na Maria!" Mama Lidwina alipiga kelele. "Sakafu yangu!"

Akaokota fagio, akaliinua. Paka hakukimbia. Aligeuza kichwa, akamtazama, akaendelea kukwaruza ubao. Mkono wa Mama Lidwina ukabaki juu. Alitazama tena zile nyayo, akatazama dagaa waliokuwa wakining'inia bila kuguswa, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akajiuliza swali ambalo Biasha alikuwa ameliuliza mapema: paka huyu anataka nini humu ukutani?

Akalitupa fagio, akaleta nyundo. Alikanyaga simenti mbichi bila kujali, akang'oa msumari wa kwanza, wa pili, hata ule wa katikati aliouongeza kwa hasira. Ubao ukafunguka. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mnene; Fulgence alikuwa ameziba upande wa nje tu, na ndani kulibaki nafasi kama kikabati. Humo kulikuwa na kiroba kilichosimama wima, kikinuka dagaa nyasa. Bwana Afya akakirukia kwa meno. Mama Lidwina akakifunua, na Mama Maria akamtazama, msafi, bila hata chembe moja ya vumbi.

Alipiga magoti pale pale kwenye simenti. Alielewa yote mara moja. Fulgence alimhifadhi mgeni mahali pasipo na vumbi, akamfunika kwa kiroba cha kwanza alichokiona, kisha akafiwa, na kilio kikamsahaulisha. Aliyemfungia Mama Maria kwa misumari mitano hakuwa Biasha. Alikuwa ni yeye, Lidwina, kwa mkono wake mwenyewe, na alipoulizwa alijibu kwa majivuno kwamba amelipigilia mwenyewe.

Hakuoga, hakubadili nguo. Alimbeba Ursula mgongoni kwa khanga, akatoka mbio za kizee kuelekea stendi, simenti ikimkauka magotini. Watu waliokwenda Misa ya kwanza walimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akawapita tu. Alikuta lori la Namtumbo, njia ya kwenda Lusewa, limekwisha kuwasha injini. Biasha alikuwa juu, ameketi kwenye sanduku lake, uso ameuelekeza upande mwingine.

"Biasha! Shuka, mwanangu!"

"Mzigo umeshapandishwa, mama."

"Uteremshwe! Ameonekana. Yumo stoo, dirishani. Nilimpigilia misumari mimi mwenyewe, kwa mkono huu." Aliuinua mkono huo. Utingo aliangua kicheko, akidhani ni vichekesho vya bure.

Ursula alikwisha kunyoosha mikono kuelekea juu, akiita. Machozi yalimtoka Biasha, lakini hakushuka.

"Mama," alisema, "sanduku langu lilifunguliwa mbele ya jumuiya nzima. Shati la Tadei lilishikwashikwa kama mtumba. Leo msamaha unaniletea hapa, mbele ya utingo?"

Mama Lidwina alikuwa mtu mzima, na katika maisha yake hakukumbuka kama aliwahi kuomba radhi mbele ya watu. Dereva alipiga honi.

"Unataka nini, mwanangu? Sema."

"Sitaki kitu. Ila waliosikia lile, wasikie na hili."

"Watasikia," alisema Mama Lidwina. "Wote. Hata Aurelia."

Ndipo Biasha akasimama, akamwambia utingo amshushie sanduku.

Jioni ile jumuiya ilikusanyika, uso wa kila mtu umekunjamana kwa maswali. Sanamu ilikuwa juu ya kabati kama kawaida yake. Kabla Mzee Urban hajaanzisha sala, Mama Lidwina alisimama. Alimshika Biasha mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha mbele ambacho hata Aurelia hakuruhusiwa kukikalia.

"Mwizi mliyekuwa mkimtafuta ni mimi," alisema, na sauti yake, iliyozoea kufoka, ilikatika katikati. Akaeleza yote: ubao, misumari, kiroba. Akasema kwamba aliupigilia ubao kwa hasira, na kwa hasira ile ile akampigilia mkwe wake jina la wizi. "Nilimfukuza mke wa mwanangu, na nikamfukuza paka wa mwanangu. Tadei aliniachia hao wawili na huyu mtoto. Nisameheni. Wewe Biasha, ndiwe wa kwanza, nisamehe."

Akapiga goti. Biasha aliruka kitini kumwinua, wakajikuta wote wawili wamepiga magoti sakafuni wakilia. Aurelia alitazama vidole vya miguu yake. Mzee Urban alikohoa, akavua miwani, akamwomba Biasha radhi kwa niaba ya watu wote waliolitazama sanduku lake, akianzia na yeye mwenyewe.

Wakati huo huo Fulgence aliingia, ametoka Madaba, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Watu walimpa pole. Alipoona jinsi wote walivyomkodolea macho, akashtuka.

"Jamani, nimekosa nini? Mama Maria nilimweka stoo asipate vumbi. Hamkumwona? Nilimfunika kabisa."

"Kwa kiroba cha dagaa!" alisema Mama Lidwina.

"Kilikuwa karibu, mama."

Kicheko kilipasuka, kikawashika hata waliokuwa wakilia. Biasha alifuta macho kwa ncha ya khanga, akaitazama ile sanamu juu ya kabati. "Na aendelee kunitazama," alisema. "Mtu aliyelala na dagaa zetu si mgeni tena." Safari hii watu walicheka, na walikumbuka kwamba wamecheka.

Misa ya Tadei ilifika, na wageni wakaja wengi. Siku mbili kabla yake Fulgence alikuwa ameingia stoo na mwiko na karai la simenti, tayari kuzifukia zile nyayo za paka pamoja na alama za magoti ya mama mwenye nyumba. Mama Lidwina alimzuia mlangoni.

"Ziache," alisema.

"Lakini mama, sakafu mpya hii! Wageni watasemaje?"

"Wakiuliza, nitawajibu."

Waliuliza, kweli. Biasha alikuwa akiwapakulia chakula, Ursula amemkumbatia Bwana Afya mpaka pumzi zikambana, na kila mgeni aliyechungulia stoo alitaka kujua ni fundi gani aliyeharibu kazi nzuri namna ile. Mama Lidwina aliwajibu wote jibu moja, huku akimtazama mkwe wake: paka wa nyumba haingwa.